Ukiona Vyaelea: Ushahidi katika Insha za Wanafunzi

Kila mwaka wahadhiri wa Vyuo Vikuu hulalamika kwamba wanafunzi wapya hawajui kuandika insha. Kwa kawaida lawama hutupiwa lugha: sarufi mbovu, tahajia yenye makosa, msamiati haba. Lakini anayezisoma insha hizo kwa makini hugundua kasoro iliyo kubwa zaidi. Mwanafunzi huandika kwamba “wataalamu wamethibitisha” au “utafiti umeonyesha”, kisha huweka nukta na kuanza aya nyingine. Ni mtaalamu yupi, alipima nini, kwa njia gani na katika hali zipi, msomaji haambiwi. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Insha ya namna hii huonyesha chombo kinachoelea lakini huficha uundaji wake. Na katika sayansi, uundaji ndio elimu yenyewe.

Mfano mzuri umo hapa hapa nchini. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, aliyekuwa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari na kuyaacha yapoe kabla ya kuyaweka katika jokofu. Siku moja, kwa kuhofia kukosa nafasi, aliyaweka yakiwa bado moto; nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambaye hakuyachemsha kabisa. Alipomwuliza mwalimu sababu, alijibiwa kwamba jambo hilo haliwezekani. Baadaye, alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lilo hilo mwanafizikia Denis Osborne aliyefika kutoka Dar es Salaam kutoa mhadhara. Wanafunzi wenzake walimcheka. Osborne aliona ni afadhali jambo hilo lijaribiwe, na mwaka 1969 makala yao wawili ilitokea katika jarida la Physics Education la Uingereza.

Katika makala hiyo Osborne alisimulia kisa kinachostahili kukumbukwa. Fundi wa maabara aliyepewa kazi ya kufanya jaribio alileta habari kwamba ni kweli maji yaliyoanza yakiwa moto yaliganda kwanza. Hata hivyo aliahidi kulirudia jaribio mpaka apate jibu lililo sahihi! Msomaji atacheka, lakini hivyo ndivyo insha nyingi zinavyoandikwa. Mwanafunzi huanza na jibu, kisha hupekua vitabu, na siku hizi intaneti, mpaka apate sentensi inayokubaliana nalo. Yasiyokubaliana nalo huyapita kama kwamba hayakuandikwa.

Isidhaniwe kwamba kisa hiki chafundisha kuwa mwanafunzi siku zote ndiye mwenye haki. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walichapisha matokeo ya vipimo vyao wenyewe pamoja na uchunguzi wa vipimo vya watangulizi wao. Hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi. Tena walionyesha kwamba kukihitilafisha kipimajoto kwa sentimita moja tu kwenda juu au chini kwaweza kuleta tofauti ambayo mtu angeidhania kuwa ndiyo ajabu yenyewe. Wengine wanaendelea kulijadili suala hilo.

Kwa hiyo, mwanafunzi anayeandika kwamba “Mpemba alithibitisha kuwa maji ya moto huganda kwanza” anaandika vibaya, ijapokuwa anamsifu Mtanzania mwenzake. Anayeandika kwamba jambo hilo lilionekana katika majaribio yaliyoelezwa mwaka 1969, kwamba vipimo vya mwaka 2016 vililitilia shaka, na kwamba hata mahali pa kipimajoto paweza kubadili matokeo, ameandika vizuri. Naye hakumvunjia Mpemba heshima hata kidogo. Heshima ya Mpemba ni kwamba aliuliza, akarudia kupima, na hakukubali cheo cha mtu kishike nafasi ya ushahidi.

Yapasa mazoea haya yaanzie shule ya sekondari. Kila dai katika insha liulizwe maswali matatu: Limejulikanaje? Je, ushahidi uliotajwa unalithibitisha dai hili hasa, au jingine linalofanana nalo? Na kuna ushahidi gani unaolipinga? Walimu watasema, na wana haki, kwamba madarasa yamejaa na mitihani hudai majibu mafupi. Lakini hapana haja ya insha ndefu. Aya moja kwa mwezi, yenye dai moja na ushahidi wake, itasahihishwa kwa dakika chache, mradi alama zitolewe kwa njia iliyofuatwa wala si kwa jibu peke yake.

Mwanafunzi wa leo ndiye bwana shamba, mhandisi na daktari wa kesho. Taarifa yake ndiyo itakayoamua mbegu ipi ipandwe na kisima kipi kinywewe. Asiyezoea kuulizwa “umejuaje?” akiwa darasani, atakuja kuulizwa na wakulima ambao mavuno yao yameharibika.