Risala ya Wanafunzi wa Lugha, Fasihi na Habari kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kiswahili

Mheshimiwa mgeni rasmi,

Tunajua wiki hii ya Julai unagombewa, kwa sababu tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, Novemba 2021, kila taasisi inataka jukwaa, vitenge na hotuba. Nasi huwa hatukosi kuitwa. Tunaghani, tunaigiza, tunapiga ngoma, tunapewa maji ya chupa, tunarudi bwenini. Mwaka huu tuliiomba idara ituruhusu tusome risala badala ya ngonjera, nayo ikakubali. Tunaishukuru, maana ilijua tutakayoyasema.

Tutaanza na vitabu, na hapo tutakawia kidogo.

Katika kozi ya riwaya tunatakiwa tusome Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi. Katika tamthiliya kuna Kinjeketile na Mashetani za Ebrahim Hussein. Uteuzi huo hatuupingi hata kidogo. Tatizo ni kwamba Nagona hatukuipata katika duka lolote la vitabu mjini hapa, na nakala zilizomo maktabani zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, mojawapo ikiwa imenyofolewa kurasa za katikati na msomaji aliyeona kuchana ni kwepesi kuliko kunakili. Darasa letu linajaza ukumbi. Basi tunakwenda steshenari, nje ya geti, ambako riwaya nzima imehifadhiwa kwenye kompyuta. Unatolewa kopi, unabaniwa pini, unaondoka. Na hao ndio wenye bidii. Wengine wananunua desa la uchambuzi lenye dhamira, wahusika na mbinu za kisanaa, wanalikariri usiku wa kuamkia mtihani, na wanafaulu vizuri tu.

Mheshimiwa, chuo hiki kinatunuku shahada ya fasihi ya Kiswahili kwa watu ambao baadhi yao hawajawahi kununua hata riwaya moja ya Kiswahili iliyochapwa kihalali. Asubuhi tunafundishwa hakimiliki katika kozi ya sheria za habari, mchana tunapanga foleni steshenari. Wahadhiri wanajua, maktaba inajua, na mwandishi au warithi wake hawapati hata senti moja.

Tunadai mambo mawili hapa. Kwanza, chuo kikae na wachapishaji na wenye hakimiliki, kilipie nakala za kielektroniki za vitabu vyote vya lazima, ili mwanafunzi avifungue kwa namba yake ya usajili. Fedha ya kuanzia ipo: ni ada ya maktaba tunayolipa kila mwaka, ambayo hatujawahi kuonyeshwa imenunua nini. Pili, na hili tunalisema kwa heshima kwa walimu wetu, mitihani ya fasihi itungwe upya. Swali la kutaja na kueleza dhamira tano linajibika bila kukifungua kitabu. Tupeni ukurasa mmoja wa Mzingile tuusome palepale, mtuulize ukurasa huo unafanya nini. Wapo kati yetu watakaofeli. Na wafeli.

Jirani na vitabu kuna hazina nyingine inayopotea. Kila mwaka wanafunzi wa fasihi simulizi wanatumwa vijijini kwao kurekodi hadithi, nyimbo za unyago na jando, vitendawili, tenzi za wazee. Tunakwenda kwa nauli zetu. Bibi anakubali kuimba wimbo ambao hajauimba tangu ujana wake. Tunamrekodi kwa simu, tunaandika ripoti, tunakabidhi flashi. Baada ya matokeo kutoka, ripoti zinarundikwa kwenye chumba cha stoo, na hizo flashi hatujui zinafia wapi. Miaka ya 1960 J.W.T. Allen alizunguka pwani akikusanya miswada ya tenzi, na mkusanyo ule unatunzwa mpaka leo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yeye alikuwa mtu mmoja. Sisi tunatumwa kundi zima kila mwaka, na hakuna kinachobaki. Tunaomba seva moja, mtunza kumbukumbu mmoja, na fomu ya ridhaa ambayo yule bibi ataisaini akijua sauti yake inakwenda wapi.

Sasa upande wa habari. Studio tunayo, ilizinduliwa kwa utepe na picha. Ufunguo wake unakaa kwa mtu mmoja, naye mara nyingi yuko safarini. Kwa hiyo utangazaji tunausoma ubaoni: mhadhiri anachora maikrofoni, anachora mshale, anachora meza ya kuchanganyia sauti, sisi tunanakili mchoro kama wanaojifunza kuogelea mchangani. Halafu tunakwenda kwenye mafunzo kwa vitendo redioni, tunakuta kijana wa kidato cha nne aliyejifunzia kazini anatuelekeza kitufe cha kuwasha. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwandishi wa habari awe na ithibati, na ithibati inadai cheti. Sisi cheti tutakuwa nacho. Tunachokiogopa ni siku mhariri atakapotukabidhi kinasa sauti.

Gazeti la wanafunzi nalo hatuna. Tuliwahi kuomba, tukaambiwa habari zote za chuo hupitia ofisi ya uhusiano. Ilhali mwaka 1888 shule ya wamisionari wa UMCA pale Kiungani, Unguja, ilikuwa ikitoa gazeti la Kiswahili, Msimulizi. Tunataka turuhusiwe kutoa gazeti letu, mhariri wake awe mwanafunzi, mhadhiri awe mlezi, na asiwe mkaguzi wa kila sentensi.

Lipo na suala la lugha ya mihadhara. Kozi za habari tunafundishwa kwa Kiingereza, kwa mifano ya magazeti ya London na New York, na mtihani ni kwa Kiingereza. Kazini, gazeti ni la Kiswahili, redio ni ya Kiswahili, na mkulima wa Mbozi tunayemhoji kuhusu bei ya kahawa hatajibu kwa lugha ya kitabu chetu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikwisha kukitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote. Hatuombi Kiingereza kifukuzwe. Mkalimani wa lugha moja hayupo. Tunaomba kozi za uandishi wa habari, uhariri na utangazaji zifundishwe na kutahiniwa kwa Kiswahili, kuanzia mwaka wa kwanza.

Tumemtaja mkalimani kwa makusudi. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zetu. Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakipitisha kuwa lugha yake ya kazi. Wanasiasa wetu hawachoki kutuambia kwamba Kiswahili ni bidhaa na ajira ziko nje nje. Sisi tuna kozi moja ya tafsiri, ya nadharia, isiyo na kibanda cha ukalimani wala vipokea sauti. Hatujawahi kutafsiri hukumu hata moja darasani, ingawa kitivo cha sheria kiko ng'ambo ya barabara. Idara yetu na kitivo hicho vikae meza moja.

Kuhusu mikopo, neno moja tu. Tunaelewa taifa linahitaji wahandisi na madaktari, ndiyo maana wao hutangulizwa kwenye mikopo. Lakini mtoto wa mkulima aliyechagua fasihi ana njaa ileile ya mwenzake wa uhandisi, na bumu linapochelewa, mama ntilie haulizi unasoma kozi gani.

Mheshimiwa mgeni rasmi, nakala ya risala hii tumeiacha mezani kwako na nyingine kwa Makamu Mkuu wa Chuo. Tunaomba jibu la maandishi kabla ya mwaka mpya wa masomo kufunguliwa Oktoba, likionyesha kila dai limekubaliwa au limekataliwa na kwa sababu gani. Wawakilishi wetu wako tayari kukutana na uongozi siku yoyote isiyo ya mitihani.