Vunjajungu Ukutani



Ndugu wasomaji, usiku mmoja baada ya sala ya Isha, tukiwa sebuleni hapa Buyenzi, Bujumbura, mdudu wa kijani aliingia kwa dirishani akatua ukutani karibu na taa. Alikuwa na urefu wa kidole, na mikono ya mbele ameikunja kama mtu anayeomba dua. Mama watoto akashika kandambili. Bibi, aliyekulia Ujiji, akapiga kelele: "Msimguse! Huyo ni vunjajungu. Atakayemgusa, chombo atakachoshika baadaye kitavunjika."

Mtoto wetu wa darasa la nne akauliza: "Bibi, na karamu ya vunjajungu ya mwisho wa Shaabani, mbona hatuiogopi?" Nyumba nzima ikacheka, na Bibi akacheka kuliko wote. Kandambili ikarudi chini.

Basi tukakaa kumtazama. Alikuwa akigeuza kichwa huku na huku kama anayetuhesabu, jambo ambalo wadudu wengi hawaliwezi. Ana macho makubwa mawili na mengine madogo matatu katikati yake. Vunjajungu wengi wana sikio moja tu, nalo liko kifuani. Huwasaidia kuwasikia popo na kuwakwepa wanaporuka usiku. Hana sumu, na chakula chake ni wadudu wenzake. Ghafla mikono ile ikafyatuka, nondo akanaswa. Watoto wakapiga takbira!

Maoni yangu ni haya. Kila mdudu anapoingia nyumbani, watoto hutazama kwanza uso wa mzazi. Tukikimbilia kandambili, wamejifunza kwamba kila wasichokijua ni adui. Tukisema ni mkosi, wamejifunza kuwa mdudu ana uwezo wa kuvunja vyungu vyetu, na hilo ni zito zaidi, kwa sababu Mtume wetu (S.A.W) alitukataza kuamini mikosi.

Simlaumu Bibi. Ukweli ni kwamba maneno yale ya wazee yamewaokoa vunjajungu wengi mikononi mwa watoto watundu. Lakini sisi tunayo sababu iliyo bora kuliko hiyo. Qur'ani ina sura zenye majina ya nyuki, sisimizi na buibui. Surat Al-An'am, aya ya 38, inatufundisha kwamba wanyama watembeao ardhini na ndege warukao ni umma mfano wetu. Mtume (S.A.W) alikataza kuua sisimizi na nyuki. Kweli, mbu wa malaria na nge hatuwaachi watudhuru. Lakini asiyetudhuru tumuue kwa kosa gani?

Na kumpenda pia kuna mipaka yake. Kijana wetu alileta kopo lenye kifuniko, akitaka kumfuga. Hapo Bibi ndiye aliyesema, na safari hii hakutaja vyungu. Aliwasimulia habari ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha atoke ajitafutie wadudu wa ardhini. Kijana akanyamaza. Kisha akamsogezea mgeni kijiti, vunjajungu akapanda taratibu, nasi sote tukamsindikiza hadi kwenye mpapai wa uani.

Enyi wazazi wenzangu, tunahangaika kuwatafutia watoto vitabu na kanda za kuwafundisha utukufu wa Muumba, na hilo ni jema. Lakini siku nyingine somo linaingia lenyewe dirishani, bila ada. Tuzime televisheni, tukae nao, tutazame, tuseme Subhanallah, kisha tumfungulie mgeni njia aende zake.

Asubuhi yake watoto walimsimamia Bibi akiosha vyombo, kwani kijiti kile yeye ndiye aliyekipokea mwisho na mdudu akamgusa kidole. Alhamdulillah, sufuria zote nzima, na vikombe vyote vizima.