"Haina Spea" Si Jibu la Fundi

Sukuma pikipiki ya zamani hadi gereji ya mjini Iringa, na jibu utalipata hata hujaiegesha: "Hii haina spea, Mwalimu. Iuze skrepa, ongeza hela uchukue Boxer." Nimeambiwa hivyo na mafundi watatu, kila mmoja kwenye gereji yake, na hakuna hata mmoja aliyeinama kuitazama injini. Nalipinga jibu hilo, kwa sababu ndilo linalomaliza mashine za wazee wetu hapa Tosamaganga. Mashine inayoweza kutembea inapimwa kwenye mizani kwa kilo, kama bati bovu.

Yangu ni Honda CG125 ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Aliniachia baba mdogo, aliyekuwa katekista, na aliizungusha vigangoni masika na kiangazi. Alipofariki ikalala bandani, magunia ya mahindi juu yake, hadi nilipoitoa.

Watu wanaamini kwamba spea ni mali ya jina la pikipiki: kiwanda kikiacha kuitengeneza, vipuri vyake navyo vimezikwa. Nami niliamini hivyo, mpaka nilipokwenda dukani kutafuta beringi za gurudumu la mbele. "Ya pikipiki gani?" Honda ya zamani. "Hamna, mzee." Nikarudi nyumbani, nikaitoa beringi iliyokufa, nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikasugua ukingo wake kwa kitambaa hadi namba ikajitokeza: 6301. Kesho yake nikarudi duka lile lile, kwa kijana yule yule, nikataja namba bila kutaja pikipiki. Akanyoosha mkono rafuni akanipa.

Beringi ya namba hiyo ina tundu la milimita 12, kipenyo cha nje milimita 37 na unene wa milimita 12, iwe imetoka Japani, Italia au China. Inakaa kwenye pikipiki, inakaa kwenye mota ya umeme. Oilsili nazo huandikwa vipimo vyake usoni. Cheni ya 428 ni 428 popote, hatua yake ni nusu inchi. Waliounda mashine hizi hawakubuni kila kitu upya. Walichagua vitu vyenye vipimo vinavyojulikana dunia nzima, ndiyo maana hata watu wa mbali kama sisi tunaweza kuvipata. Sisi tukaamua kuuliza jina.

Kwa CG125 jibu la "haina spea" ni kosa mara mbili. Honda waliitoa katikati ya miaka ya 1970 wakiwalenga watu wa nchi kama yetu, wanaopakia mizigo mizito na kuchelewa kubadili oili. Wakaachana na cheni ya kamshafti, wakaweka fito za kusukuma valvu. Injini hiyo ikapendwa hata Wachina wakaiiga, na nyingi za bodaboda zilizojaa nchini zimebeba mtoto wake au mjukuu wake. Pistoni ya milimita 56.5 niliyoihitaji ilikuwa imetundikwa kwenye duka la spea za Toyo, mmoja wa wajukuu hao. Nilipima kipenyo, nikapima pini, nikapima urefu, ndipo nikalipa. Kama silinda ingekuwa imeliwa, ingechongwa na kuwekewa pistoni ya ovasaizi, kazi ya kawaida kabisa kwa fundi mwenye mashine. Pikipiki "isiyo na spea" ina spea zaidi kuliko nyingi zilizofika mwaka jana.

Mnisamehe, lakini neno "orijino" nalo limetuharibu. Boksi limeandikwa hivyo, mteja anaridhika, kalipa ya kupimia haitoki mfukoni. Mimi naamini kalipa kuliko boksi.

Na vingine havinunuliwi kabisa. Fundi mmoja wa Ipogolo, mzee wa magari makubwa, ndiye aliyenitengenezea gasketi ya kifuniko cha klachi. Aliilaza karatasi ya gasketi juu ya injini, akaanza kugonga ukingoni kwa nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo, taratibu kama anayepasua karanga. Ukingo wa injini wenyewe ukaikata karatasi, mstari kwa mstari, tundu kwa tundu. Alipoinua, umbo lote lilikuwa mkononi mwake. Bushi za shaba tulipeleka zikerezwe, na breki shuu zikabandikwa lini mpya.

Sisemi kila kitu ni rahisi. Gia iliyovunjika meno usiichomelee. Chuma chake kimekazwa kwa moto kiwandani, na kikikatika mlimani utaanguka wewe. Hiyo itafutwe kwenye injini nyingine iliyokufa, ndiyo maana kila injini inayouzwa skrepa inaniuma. Umeme nao ulinisumbua: yangu ni ya volti 6, na balbu za duka ni za volti 12, zinawaka kama mshumaa. Miezi minne nilitafuta balbu za volti 6.

Kupima na kutengeneza si jambo geni hapa. Wamisionari wa Consolata walishika misheni yetu ya Tosamaganga mwaka 1919. Miaka hiyo, kungoja kipuri kutoka Ulaya kulimaanisha meli, treni na barabara ya vumbi. Kifaa kilichovunjika kilipimwa na kutengenezwa hapa hapa, au kazi ilisimama. Leo lami ipo, simu ipo, duka lipo, na kijana aliyetoka chuoni na cheti chake ananiambia "hamna" akiwa amefumbata mikono. Hilo nalikasirikia.

Juzi, njia ya kwenda Kalenga, nimeona CG nyingine nyuma ya nyumba, kuku wamelala juu ya tanki. Nikabisha hodi, "Kamwene!" Mama mwenye nyumba akanieleza kwamba mnunuzi wa skrepa atapita Jumamosi. Nimemwomba anisubiri hadi Ijumaa jioni, nije na spana na kalipa.