Si Neti Tu, Dadangu

Kuna sentensi moja naichukia, na mafundi wengi wa mapambo hapa Mombasa nao wanaichukia vilevile: "Kwani bei yote hiyo ya nini? Si ni neti tu?"

Haya, tuizungumze hiyo neti. Ni kile kitambaa chepesi cha vitundu vitundu. Ukishuka Biashara Street utaikuta madukani kwa majora, rangi yoyote utakayo. Ndiyo inayopamba jukwaa la bi harusi, ndiyo inayoning'inizwa juu ya kitanda cha mtoto, ndiyo inayofungwa maua ya kuwekwa sebuleni kwenu Mji wa Kale. Bei yake ni nafuu, sikatai. Tena ukiikata haichomoki nyuzi, kwa hivyo huna haja ya cherehani wala kupinda kingo. Mkasi, uzi na subira, basi umeanza kazi.

Sasa hiyo subira ndiyo watu hawaihesabu. Njooni tuihesabu.

Chukua mita moja ya neti yenye upana wa mita moja na nusu. Ikate vipande vya sentimita 5 kwa 20, utapata vipande 150. Unataka kamba ya mapambo ya mita 5, iliyojaa vizuri, fundo moja kila sentimita? Hayo ni mafundo 500. Kila fundo likichukua sekunde 20, umekaa karibu saa tatu bila kuinuka hata kunywa chai. Hiyo ni kamba moja, na kukata hatujahesabu. Jukwaa moja laweza kutaka kamba sita.

Zamani hata neti yenyewe ilifumwa kwa mkono. Mwaka 1809 Mwingereza John Heathcoat akasajili mashine ya kuifuma, na kazi ya mkono ikaanza kuhamia kiwandani. Sawa. Lakini fundo la kamba yako bado linafungwa na vidole vya binti wa watu, usiku, kwa taa ya sebuleni. Mashine ilishusha bei ya kitambaa, haikushusha bei ya vidole.

Na si vidole pekee. Neti nyingi za sai ni za polista au nailoni, moto ukiigusa yayeyuka na kushika. Nyumba zetu zina chetezo cha udi, zina balbu za moto. Anayejua kazi yake anajua pa kuitundika na pa kutoitundika. Ujuzi huo nao unalipiwa.

Najua mtaniambia: "Lakini sisi huku twasaidiana." Kweli. Harusi zetu, kina mama hukaa pamoja wakatunga asumini na kufunga vikuba, na hakuna anayemdai mwenzake. Nami nimekaa hapo, na napenda. Ila ule ni msaada wa zamu: leo kwako, kesho kwangu. Mteja mmoja alinitaka nimpambie ukumbi mzima "kidugu". Ukumbi ameulipia. Mpishi amemlipa, hakumwambia "si ni mchele tu". Mpiga picha kalipwa kabla hajatoa kamera. Undugu ulikumbukwa ilipofika zamu ya neti. Kwa nini? Kwa sababu kazi hii inafanywa nyumbani, na wasichana, na kazi ya msichana nyumbani tumezoea kuiona kama haina saa.

Halafu kuna wale wa "nipambie, nitakutag". Shosti, mwenye nyumba wangu hapokei tag.

Kwa hivyo wateja, lipeni arbuni kabla neti haijakatwa. Na nyinyi mabinti mnaofunga, acheni kutaja bei moja ya jumla. Andikeni mistari miwili: kitambaa hiki, saa hizi. Mtu akiona saa 18 kwenye karatasi, ulimi utamwia mzito kusema "neti tu".

Na kama kweli pesa hazipo, wala si aibu. Nunua mita zako nne, njoo nikuoneshe bure namna ya kukata na kufunga, ukapambe mwenyewe. Ukifika fundo la 200, nitumie ujumbe uniambie bei yangu ilikuwa kubwa ama vipi.