Maumivu ya Mgongo Yasipite Bila Kuulizwa

Wilayani Ikungi, mgongo hubeba mengi. Mkulima huinama juu ya alizeti, mama hutwishwa maji na kuni, mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Mang'onyi hubeba mawe. Hivyo mtu anapofika zahanati akilalamikia mgongo, jibu huwa tayari: ni kazi nzito, apewe dawa ya kutuliza maumivu. Kwa wengi jibu hilo ni sahihi. Kwa yule ambaye kinga ya mwili wake imedhoofika, laweza kumgharimu miguu yake.

Kifua kikuu hakikai kwenye mapafu tu. Vimelea vyake husafiri kwa njia ya damu hadi mifupani, hasa kwenye pingili za uti wa mgongo. Tangu Percivall Pott, mpasuaji wa Uingereza, alipouandika mwaka 1779, ugonjwa huu huitwa kwa jina lake. Pingili huliwa polepole, usaha hujikusanya, mgongo hupinda, na uti ukibanwa mgonjwa hupooza. Anayeishi na VVU, mwenye kisukari na aliyevuta vumbi la mawe kwa miaka mingi wamo katika hatari kubwa zaidi ya kuugua kifua kikuu.

Mara nyingi mgonjwa huyu hakohoi, na makohozi yake yakipimwa hayaonyeshi kitu. Kosa huanzia hapo: majibu ya makohozi hayawezi kuusafisha mfupa. Mazoea ya kuamini kwamba pasipo kikohozi hapana kifua kikuu yanapaswa kuachwa.

Maumivu yanayodumu wiki kadhaa, yakiandamana na homa, jasho la usiku au kukonda, yanahitaji rufaa, picha ya eksirei na, inapowezekana, sampuli kutoka kwenye pingili yenyewe. Miguu ikifa ganzi au kulegea, au mkojo ukizuia kutoka, rufaa ni ya siku hiyo hiyo. Mgonjwa naye asifiche hali yake ya VVU au sukari. Taarifa hiyo humwelekeza mganga.

Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo nchini. Baadhi ya wataalamu hupendekeza kwamba ugonjwa wa mifupa utibiwe kwa miezi 9 hadi 12, na wengi hupona wakiwahi. Kuuliza maswali mawili zaidi hakugharimu chochote. Kutouliza hulipwa na mgonjwa maisha yake yote. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa uti wa mgongo haujengeki upya kwa urahisi.