Sinia Halina Asilimia



Mzee mmoja wa jamii yetu hapa Birmingham aliambiwa na daktari kuwa ana kisukari aina ya pili. Akarudi nyumbani na karatasi yenye duara lililokatwa vipande. Alielezwa kwamba nusu ya kalori zake zitoke kwenye wanga, mafuta yasizidi asilimia 35, na zinazobaki ziwe protini. Mzee akauliza, je, ugali umo kipande kipi? Hakupata jibu ila "punguza". Basi akauacha ugali kabisa, akahamia mkate mweupe asubuhi, mchana na jioni. Miezi ikapita, sukari haikushuka. Ingeshukaje? Kwani mkate nao si wanga?

Tunaandika haya kwa hasira, na hasira yetu ina pande mbili.

Hesabu zenyewe hatuzikatai. Gramu moja ya wanga au ya protini hutoa kalori 4. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9. Mama anayehitaji kalori 2,000 kwa siku, akiufuata mgawo huo, atakula takriban gramu 250 za wanga, 78 za mafuta na 75 za protini. Hesabu ni sahihi. Lakini nani kati yetu anakula gramu? Sisi tunakula kwenye sinia moja, watu watano, na mgeni akibisha hodi anaambiwa karibu, nawa mikono. Sinia halina asilimia.

Ule mwongozo wa chakula uitwao Eatwell, uliotolewa mwaka 2016, una picha nzuri ya viazi, mkate, tambi na mchele. Ugali haumo. Na wala si kwamba hawajui kuwa tupo. Taasisi ya NICE ilishasema mwaka 2013 kwamba watu wenye asili ya Afrika na Asia huingia kwenye hatari ya kisukari mapema zaidi: kipimo cha uzito kwa urefu ambacho kwa Wazungu huanzia 25, kwetu sisi kianzie 23. Ikiwa mwili wetu umepewa kipimo chake, mbona sahani yetu haipewi picha yake?

Sasa tujigeukie wenyewe.

Wapo wenzetu ambao ukiwagusia habari ya chakula hukujibu, "Mwacha mila ni mtumwa," huku wakimimina mafuta sufuriani. Mila ipi hiyo? Bibi zetu walikuna nazi moja, ikatosha familia nzima. Dumu la mafuta la lita 20 tumelikuta madukani, hatukurithi kwa mtu. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori zipatazo 120. Vinne ni karibu 480, kabla hata kitunguu hakijaiva. Chai nayo je? Vijiko vitatu vya sukari, vikombe vitano kwa siku, ni gramu 60. Kiwango cha juu kwa mtu mzima hapa Uingereza ni gramu 30. Na bado hatujafika kwenye soda za harusini!

Nyumbani nyama ilikuwa ya sikukuu. Siku nyingine ni maharage, kunde na dagaa, na shambani tulikwenda kwa miguu. Hapa nyama ni kila siku, na kutoka Sparkhill hadi mjini tunapanda basi. Vijana wetu nao wanahesabu protini kwenye simu na kununua unga wa makopo kwa bei ya kuumiza, ilhali kunde za mama zinapoa jikoni.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili. Kwa wenye kliniki: andikeni ugali, muhogo, chapati na kisamvu kwenye karatasi zenu, na mtueleze kwa ngumi na kiganja, si kwa asilimia. Kwetu sisi: nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo iwe ugali au wali, robo iwe maharage au samaki. Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe. Na anayetumia dawa ya sukari asibadili mlo kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Tusioneane haya. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tumezika watu wengi mno ambao tuliambiwa ni "presha tu", ni "sukari kidogo tu".

Mzee wetu amerudia ugali. Ni wa dona, ukubwa wa ngumi, na mchicha umejaa sahani. Hatusemi amepona. Tunasema sasa anajua anachokula, na hakuna karatasi iliyomfundisha. Amefundishwa na binti yake, mezani, kwa Kiswahili.