Istilahi Nazo Zitoke Maabarani

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Historia ya vihisi vya kwanta yadhihirisha kwamba hata chema hakina budi kujitembeza.

Mwaka 1991, Mark Kasevich na Steven Chu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha kuwa atomi zilizopozwa kwa leza zaweza kupima mvutano wa dunia. Atomi huachwa zianguke ndani ya ombwe, nayo miale ya leza hupima jinsi zinavyoanguka. Palipo na uwazi chini ya ardhi, mvutano hupungua kwa kiasi kidogo mno. Nadharia ilikuwa safi, lakini kwa miaka mingi mitambo ya aina hii ilibaki mateka wa vyumba tulivu vya maabara. Nje, mtetemo wa lori lipitalo ulitosha kuififisha ishara iliyotafutwa.

Mnamo 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, walitangaza katika jarida la Nature kwamba kifaa chao kimegundua handaki lililokuwa takriban mita 1 chini ya ardhi, nje kabisa ya maabara. Hawakujaribu kuunyamazisha ulimwengu. Kifaa kiliangusha mawingu mawili ya atomi za rubidi, moja juu ya jingine, yakapimwa kwa leza ile ile. Mtetemo uliyaathiri yote mawili kwa namna moja; tofauti baina yao ilipokokotolewa, mtetemo ukajifuta, ikasalia tofauti ya mvutano.

Je, hili lamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili? Lamhusu sana, kwa kuwa istilahi nazo zina maabara yake. Huundwa katika vikao vya wataalamu, zikahifadhiwa kamusini, kisha mtaa ukalaumiwa kwa kuzikataa. Neno tarakilishi hufundishwa shuleni nchini Kenya, ilhali muuzaji wa chombo chenyewe hunadi kompyuta.

Wapo wanaoshikilia kwamba kelele za mtaa huharibu lugha, hivyo istilahi zikingwe. Hoja yao ina uzito. Fundi wa magari husema sensa pasi na wasiwasi, lakini katika maandishi neno hilo lagongana na sensa ya watu. Neno kihisi halina utata huo. Hata hivyo, usahihi usiotoka chumbani haumfai fundi.

Dawa ni kuiga mbinu ya mawingu mawili. Maneno mawili yanayoshindana yapelekwe pamoja kwa fundi yule yule, katika kazi ile ile. Haraka ya kazi na athari za lugha ya mama zitayagusa yote mawili. Tofauti itakayobaki katika uelewa na matumizi ndiyo itakayoonyesha neno lifaalo. Kazi hii yaweza kufanywa na vyama vya Kiswahili vyuoni, kwa daftari na nauli ya matatu.

Katiba ya Kenya ya 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hadhi hiyo itakuwa pambo tu iwapo siku kihisi cha kwanta kitakapomfikia mchimba visima, maelezo yake yatakuwa kwa Kiingereza pekee. Vifaa vinatoka maabarani. Istilahi zisiachwe nyuma.